Wiki moja kisiwani na rafiki: Unguja, Mafia au Pemba?

Ushauri mwingi kuhusu visiwa vyetu umeandikwa kwa ajili ya maharusi walio kwenye fungate: chumba kimoja, kitanda kimoja chenye maua juu ya shuka, na bili moja ambayo hakuna anayeuliza nani anailipa. Marafiki wawili wakienda kisiwani wiki nzima mambo ni mengine. Mmoja anaamka na adhana ya alfajiri, mwingine anafumbua macho saa nne. Mmoja mshahara umeshaingia, mwingine bado anadai malipo ya kazi ya mwezi juzi. Mmoja anataka muziki, mwingine kaja kulala.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aende wapi na shoga yake au mshikaji wake, nami namuuliza: mnaweza kushinda pamoja kutwa, siku saba mfululizo, bila kununiana? Hapo ndipo visiwa hivi vinapoachana. Unguja inawaruhusu kutengana asubuhi na kukutana jioni mkiwa na habari za kupeana. Mafia na Pemba hazina nafasi hiyo. Boti ni moja, gari ni moja, na usiku mezani mko nyie wawili tu na upepo.

Kufika

Unguja ndiyo rahisi. Boti za kasi zinatoka bandari ya Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku, safari ni kama saa mbili, na kwa ndege ni dakika ishirini hivi. Mkazi wa Tanzania ana nauli yake na mgeni ana yake, kwa hiyo kama rafiki yako anatoka nje msishangae bei zikitofautiana na siti zinapakana. Mgeni huyo akumbuke pia bima ya safari ya Zanzibar, ambayo kwa wageni wa kutoka nje ni lazima tangu Oktoba 2024 na hulipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Kusi likishika, kati ya Juni na Septemba, bahari huchafuka, na safari ya kurudi Dar ndiyo inayotapisha watu zaidi. Mwenye tumbo jepesi akae katikati ya boti, sitaha ya chini, na asile chipsi mayai dakika kumi kabla ya kupanda.

Pemba mnaifikia kwa ndege ndogo hadi Chake Chake, au kwa meli kutoka Unguja hadi Mkoani. Meli hizo si za kila saa. Anzeni na ratiba ya meli, ndipo mpange siku za kulala; mkifanya kinyume mtajikuta mnalipia usiku ambao hamkuutaka.

Mafia wengi wanadhani ni sehemu ya Zanzibar. Sivyo. Ilikwenda kwa Wajerumani katika makubaliano ya mwaka 1890, ikatekwa na Waingereza mwaka 1915, na leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, makao yake makuu Kilindoni. Ndege ndogo kutoka Dar inachukua kama nusu saa, na mzigo kwa kawaida hauzidi kilo 15 kwa kila abiria, kwenye begi laini. Njia ya maji ni kushuka barabara ya Kilwa, kukunja kwenda Nyamisati wilayani Kibiti, na kupanda kivuko cha kwenda Kilindoni. Ni nafuu, ila inakula siku nzima na inafuata maji na ratiba. Wenye siku saba kamili wapande ndege walau upande mmoja.

Unguja: kisiwa cha marafiki wasiofanana

Msilale sehemu moja wiki nzima. Usiku mbili Mji Mkongwe, zilizobaki ufukweni. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, unafaa sana kwa watu wawili wenye hamu tofauti kwa sababu kila kitu ni cha kutembea kwa miguu. Mmoja anaweza kwenda Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na asubuhi yake ikaishia hapo kwa sababu si mahali pa kupita haraka. Mwingine akazurura sokoni Darajani kwenye samaki na viungo. Wakakutana saa sita kwenye mgahawa. Mchana wakapanda boti hadi Changuu kuona makobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, au maji yakipwa wakaenda fungu la Nakupenda, ambalo maji yakijaa hulioni tena.

Usiku ni bustani ya Forodhani. Nendeni mara moja, muone vijana wanavyorusha unga wa pizza ya Kizanzibari na kukamua miwa kwa ndimu na tangawizi, lakini urojo msile pale. Tafuteni mtaani, jioni, kwa mama mwenye sufuria moja na foleni ya watoto waliotumwa na mabakuli. Anaanza na viazi vya kuchemsha, anaweka bajia, katlesi na mishikaki miwili ya nyama, anamwagia ule mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe, halafu chatni ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba. Chipsi zile zinalainika upesi, kwa hiyo kula hapo hapo, umesimama. Hakuna hoteli ya ufukweni inayoweza kukupa kitu hicho.

Baada ya mji, mnakwenda shamba, kama wenyewe wanavyoita kila kilicho nje ya mji. Hapa ndipo wengi hukosea kuchagua, kwa sababu picha zote zinafanana na pwani hazifanani.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu hadi Matemwe, maji yakipwa yanakwenda mbali mno, hadi karibu na mwamba. Kinachobaki ni uwanja wa mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani. Ukitembea Jambiani wakati huo utawaona akina mama wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, huku wakipiga soga. Wanafanya kazi kwa saa ya bahari: maji yakianza kurudi wanabeba magunia na kuondoka. Mimi naona hiyo ndiyo nusu nzuri ya siku. Ila kama rafiki yako amekuja kuogelea na anatoka chumbani saa nne asubuhi akute bahari imeondoka, atakulaumu wewe uliyechagua.

Kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo. Unaweza kuingia baharini karibu wakati wowote, na jua linazama mbele yako. Kwa upande mwingine ndiko kuna kelele, hoteli zilizobanana, na papasi wanaokufuata ufukweni na safari ya boti, kinyago na jina lako kwenye bangili. Wasichana wawili wanaotembea peke yao watafuatwa zaidi. Jibu fupi la Kiswahili, "asante, tushapata," hufanya kazi kuliko tabasamu.

Kuna jambo la mwezi ambalo watu wa bara hawaambiwi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa kawaida kupwa kwenyewe kunaangukia karibu na saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na asubuhi ya saa nne utakuta bahari ipo. Sasa, sherehe maarufu za Kendwa hufanywa mwezi mpevu. Maana yake, wiki ambayo kaskazini kuna muziki zaidi ndiyo wiki ambayo mashariki kuna maji kidogo zaidi asubuhi. Kama mmoja wenu anataka muziki na mwingine anataka kutembea mwambani akiangalia vidimbwi, wiki ya mwezi mpevu inawapa wote. Kama wote mnataka kuogelea mashariki, nendeni mwezi ukiwa nusu. Angalieni kalenda kabla ya kulipia chumba.

Paje ina jambo lake la pekee: vishada vya kuteleza juu ya maji. Upepo wa kaskazi, Desemba hadi Februari, na wa kusi, Juni hadi Septemba, unajaza anga rangi. Mwenye kujifunza atakuwa na shughuli siku tatu nne, na mwenzake atakuwa na uhuru kamili. Anaweza kupanda daladala akaenda msitu wa Jozani kuwaona kima punju, kima wenye mgongo mwekundu ambao asili yao duniani kote ni Unguja tu, akarudi kabla ya chakula cha usiku. Uhuru wa namna hiyo hamtaupata kwenye visiwa vile vingine viwili.

Mafia: mnakwenda kwa ajili ya kitu kimoja

Mafia ina sababu moja kubwa, na wengine wote wanaoizungumzia wanaizunguka: papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hali binadamu wala samaki wakubwa; anachuja viumbe vidogo vinavyoelea majini. Mto Rufiji unamwaga maji yake yenye rutuba ng'ambo tu ya mkondo, vile viumbe vidogo vinastawi, na papa potwe wanakuja kula karibu kabisa na Kilindoni. Msimu wa kuwaona ni Oktoba hadi Februari, na Novemba hadi Januari ndiyo miezi ya kuweka matumaini.

Inakuwa hivi. Mnaondoka asubuhi, boti inakwenda taratibu, nahodha na kijana wake wamesimama wakitazama maji. Hawatafuti pezi. Wanatafuta doa jeusi chini ya uso wa bahari, na ndege wanaoshuka penye dagaa. Wakiliona, nahodha anazunguka na kusimama mbele yake, si nyuma, kwa sababu ukimfuata nyuma hutamfikia. Mnaambiwa mkae ukingoni, miwani usoni, bomba mdomoni. "Haya, shukeni!" Unaingia, povu linakwisha, na mbele yako kuna ukuta wenye madoa meupe unapita bila haraka. Wengi wanaokuja Mafia ni wadogo kwa kipimo cha jamii yao, na bado mmoja anaweza kuwa mrefu kuliko daladala. Humgusi, unakaa mita tatu kutoka mwilini, zaidi kutoka mkiani. Dakika mbili au tatu, ameshapita. Mnarudi kwenye boti mnapiga kelele wote kwa pamoja.

Jambo kama hilo ni la kuona na rafiki. Mtalisimulia miaka kumi, kila mmoja akimrekebisha mwenzake.

Ila fikirieni siku nyingine tano. Utende, kilomita chache za lami kutoka Kilindoni, ndipo nyumba nyingi za wageni zilipo, ukitazama ghuba ya Chole. Ghuba nzima iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, na mnalipa ada ya hifadhi kwa kila siku mnayokaa ndani. Matumbawe ni mazuri kweli. Mwenye cheti cha kuzamia na mtungi atafurahi kila siku. Asiyezamia ana Chole, kisiwa kidogo cha magofu na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana, na ana Kua, kwenye kisiwa cha Juani, mji uliohamwa baada ya kuvamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kati ya Juni na Septemba kuna kasa wanaoanguliwa Juani. Na baada ya hapo? Kitabu, bembea, karata. Hakuna klabu, na duka la jioni linauza sabuni, mchele na soda. Ghuba nayo hukauka maji yakipwa, kwa hiyo hata boti zinafuata saa ya bahari, na nyie mnafuata boti.

Mafia nampendekezea mtu na rafiki ambao wameshawahi kuishi chumba kimoja: waliosoma pamoja bweni, waliopanga pamoja, ndugu wa hiari. Kama urafiki wenu ni wa ofisini na mwaka mmoja, usiku tatu zinatosha.

Pemba: kwa waliochoka na ufukwe

Pemba sitaipigia debe sana, kwa sababu wanaoipenda wanaipenda kwa yale yale yanayowaudhi wengine. Ni ya vilima na mabonde, kijani tupu, na ndiko sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inakotoka. Ukibahatika kufika wakati wa mavuno, utaona mikeka kando ya barabara kutoka Mkoani hadi Wete imejaa karafuu zinazoanikwa, za asubuhi zikiwa kijani na wekundu, za juzi zikiwa zimeshageuka kahawia, na mtoto ameketi na fimbo anafukuza kuku. Harufu inaingia kwenye gari kabla hujaona mkeka.

Kaskazini, mnapita katikati ya msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi, ufukwe mrefu ambao mnaweza kukuta mko wenyewe na wavuvi wawili. Kutoka Wesha, karibu na Chake Chake, mnakodi boti hadi kisiwa cha Misali, ambako matumbawe yanaanza hatua chache kutoka mchangani. Popo wa Pemba, wakubwa na wekundu kidogo, hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kidike ndiko kwa kuwaona. Mkondo kati ya Pemba na bara ni wa kina kinachofika mamia ya mita, ndiyo maana wazamiaji wazoefu wanaitaja kwa heshima na wanaoanza hupelekwa kwingine.

Nyumba za wageni ni chache na ziko mbali mbali, za bei ya chini mjini na za bei ya juu sana ufukweni, za katikati ni za kutafuta. Pombe ni ya kuitafuta. Watu ni wakarimu na wana haya, na mavazi ya ufukweni yanaishia ufukweni. Mwanamume na mwanamke ambao ni marafiki tu wachukue vyumba viwili bila kubishana mapokezi. Gesti za mtaani, Pemba hata Unguja, zinaweza kuwauliza mna uhusiano gani, na jibu refu halisaidii.

Kwa wiki moja, Pemba inaungana vizuri na Unguja: usiku nne huku, tatu kule. Pemba na Mafia pamoja ni kuchosha mwili na mfuko.

Pesa ya watu wawili

Watu hulinganisha bei ya chumba. Kwa marafiki, kinachouma ni bei ya boti. Unguja mnajiunga na kundi: mnalipa kwa kichwa kwenda kisiwa kidogo cha Mnemba au Nakupenda, na asiyetaka anabaki. Pemba na Mafia mara nyingi boti hukodiwa nzima, na mafuta ni yale yale mkiwa wawili au wanane. Kama mmoja hana hela ya siku hiyo, safari ya mwenzake inapanda bei maradufu au inakufa. Mafia wakati wa papa potwe ulizeni kama kuna wageni wengine wa kuungana nao. Jioni ya siku ya kwanza ndiyo ya kuuliza, si asubuhi ya safari. Chukueni pesa taslimu Kilindoni au Chake Chake mjini kabla ya kwenda mnakolala, na mkubaliane mapema kuhusu mfuko mmoja wa pamoja wa chakula na usafiri, kila mtu atoe sawa. Chumba ombeni chenye vitanda viwili, na kiandikwe hivyo kwenye uthibitisho, la sivyo mtapewa kile chenye maua.

Miezi

Masika, Machi hadi Mei, hoteli kadhaa za Mafia na Pemba hufunga, hasa Aprili na Mei. Unguja zinabaki wazi nyingi na bei inashuka. Mvua hainyeshi kutwa, lakini barabara za ndani zinakuwa madimbwi. Juni hadi Septemba ni baridi ya pwani, upepo wa kutosha, wageni wengi wa Ulaya, na mwezi wa Julai Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanakuwa na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara Mji Mkongwe. Angalieni na Ramadhani: mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Hoteli za ufukweni zinahudumia kama kawaida, ila mjini migahawa mingi hufungwa mchana, Pemba zaidi, na kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu. Kwa upande mwingine, futari ya Mji Mkongwe baada ya magharibi, na mtaa wote uko nje, ni sababu ya kwenda wakati huo huo.

Kwa aliye Nairobi, hesabu inabadilika: ndege hadi Manda na mashua hadi Lamu ni karibu kuliko kuzunguka Dar. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, usafiri ni punda na miguu, na Shela ina ufukwe mrefu unaoufikia kwa kutembea. Kwa tabia unasimama kati ya Mji Mkongwe na Pemba: mji wa kuzungukia upo, kelele hakuna.

Kama mmoja wenu hajui kuogelea

Ni jambo la kawaida sana kwetu, na watu wanalificha hadi wakiwa kwenye boti. Liulizeni nyumbani. Asiyejua kuogelea atafurahi Jambiani maji yakipwa, amevaa yeboyebo, anatembea mbali kuliko alivyowahi kutembea baharini. Atafurahi Kendwa asubuhi, maji ya kiunoni. Mafia bado anaweza kumwona papa potwe, akiwa na jaketi la kuokolea na kijana wa boti amemshika mkono, au kutoka juu ya boti tu maji yakiwa safi. Mnemba atabaki kwenye boti, na Misali mchangani, akiwatazama wengine, na jua la mchana huko ni kali. Popote mnapokwenda, kabla ya kulipa, mwambieni nahodha awaonyeshe majaketi: yahesabuni, vaeni, fungeni vifungo vyote muone kama vinashika. Akisema yako kwenye boti nyingine, tafuteni nahodha mwingine.